Wanakemia Hawajakataa, Hawajaombwa

Panapozuka mazungumzo ya kuandika ensaiklopidia ya kemia mtandaoni, iwe katika kikao cha idara au mezani wahadhiri wanapokunywa chai ya saa nne, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasema kwamba wasomi hawajitolei. Hoja yake huwa imenyooka. Mhadhiri anatafuta makala ya jarida itakayompandisha cheo. Makala ya ensaiklopidia haibebi jina lake, haihesabiwi na kamati ya kupandisha vyeo, na kesho yake mtu asiyemjua anaweza kuigeuza juu chini. Basi, wanahitimisha, ukitaka ensaiklopidia ya kemia inayoaminika una njia tatu tu: uwalipe wasomi kwa kila makala, uwavutie kwa zawadi na vyeo, au uachane nao kabisa na kazi uikabidhi akili mnemba.

Msimamo huu umekuwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa, na watu makini wanaurudia bila kuukagua. Naupinga, na naupinga wote, kuanzia msingi hadi paa. Wanakemia wamekuwa wakijitolea kwa zaidi ya miaka 100, tena kwa kazi ngumu kuliko kusahihisha aya tatu kuhusu asetoni. Kinachokosekana katika miradi yetu ni mratibu: mtu anayejua nani aulizwe nini, anayeomba jambo dogo lenye mwisho, na anayerudi kuonyesha jibu lilikofika. Mradi unamsahau mtu huyo, unaanguka, kisha lawama wanatwishwa maprofesa ambao hata barua hawakupata.

Tuanze na huko kujitolea, kwa kuwa ndiko hoja yao ilikosimama. Umoja wa kimataifa wa kemia, IUPAC, ulianzishwa mwaka 1919. Ndio unaoweka kanuni za kuzipa kampaundi majina, unaoamua vipimo na istilahi, na unaoidhinisha majina ya elementi mpya. Mwezi Novemba 2016 uliidhinisha nihonium, moscovium, tennessine na oganesson, elementi nne kwa mkupuo. Wanasayansi wanaokaa kwenye kamati zake wana ajira zao vyuoni na maabara, na kazi ya kamati wanaifanya juu ya ile wanayolipwa. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyewahi kuandika jina la alkani kwa kanuni ametumia matunda ya kazi hiyo ya kujitolea, ingawa hakuna aliyemwambia.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Tangu mwaka 1921 kuna chapisho linaloitwa Organic Syntheses, linalotoa maelekezo ya kutengeneza kampaundi za kikaboni. Utaratibu wake ni mkali ajabu. Ukipeleka maelekezo yako, hayachapishwi mpaka yarudiwe, hatua kwa hatua, katika maabara ya mjumbe wa bodi ya wahariri. Kama wewe umepata asilimia 80 ya zao na wao wanapata 50, huchapishwi mpaka tofauti hiyo ijulikane imetoka wapi. Hebu pima uzito wa ombi hilo: chukua njia ya mtu mwingine, nunua kemikali, toa benchi lako na wanafunzi wako, rudia kazi ambayo haitakuwa na jina lako kama mgunduzi. Wanakemia wamelikubali ombi hilo kizazi baada ya kizazi, na leo maelekezo hayo yanasomwa mtandaoni bila malipo. Halafu tunaambiwa kwamba watu hawa hawa hawana moyo wa kusoma ukurasa mmoja na kusema kiwango cha kuyeyuka kimekosewa.

Na si lazima twende mbali hivyo. Mhadhiri yeyote anayechapisha hupokea makala za wenzake kutoka kwa majarida ili azipitie na kutoa maoni. Hukesha nazo, akaandika kurasa mbili za ushauri, asilipwe hata shilingi, na jina lake lisitajwe popote. Majarida mengi ya kemia ni mali ya kampuni zinazouza usajili kwa bei ambayo maktaba zetu haziimudu. Kwa hiyo mtu anayesemwa hawezi kutoa saa moja bure kwa ensaiklopidia isiyouzwa alitoa saa nne bure, juzi tu, kwa kampuni ya biashara.

Kwa nini hutoa? Kwa sababu aliombwa. Mhariri alimwandikia kwa jina lake. Alimtumia makala ya fani yake, si ya fani ya jirani. Alimpa tarehe ya mwisho na maswali bayana ya kujibu. Siku ilipopita alimkumbusha kwa adabu, na alipomaliza alimshukuru na kumjulisha uamuzi uliofikiwa. Nyuma ya kila mhadhiri anayejitolea kwa jarida kuna ofisi inayofuatilia. Wenzangu wa Afrika Mashariki wanaijua siri hii vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndivyo tunavyochanga harusi. Hakuna anayesema watu wetu hawachangi. Wanachanga kwa kuwa kuna kamati, kuna kadi yenye jina lako, kuna mweka hazina mwenye daftari la ahadi, na kuna simu ya Ijumaa jioni inayoanza na "shikamoo" na kuishia na "tunakusubiri." Iondoe kamati, ubandike tangazo ukutani kwamba kila mwenye mapenzi mema anakaribishwa kuchangia, uone utakusanya kiasi gani.

Ensaiklopidia nyingi zimebandika tangazo ukutani. Nyingine zimefanya vibaya zaidi: zimejenga lango lenye walinzi.

Mwezi Machi 2000 kampuni ya Bomis ya Jimmy Wales ilianzisha Nupedia, ensaiklopidia huru ya mtandaoni, Larry Sanger akiwa mhariri mkuu. Ilikuwa ndoto kamili ya hao ninaobishana nao. Wahariri walitakiwa kuwa wataalamu wa kweli, wengi wao wenye shahada ya uzamivu, na kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi. Ilipofungwa mwaka 2003, makala zilizokamilisha safari hiyo hazikufika hata 30. Wales mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipojaribu kuandika makala moja ya uchumi wa fedha, fani aliyoisomea, alihisi amerudishwa shuleni kufanya kazi ya nyumbani. Wikipedia ilizinduliwa tarehe 15 Januari 2001 kama uwanja wa kando wa kuilisha Nupedia. Uwanja huo ukamfunika mwenye nyumba.

Watu huisoma historia hiyo vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaosema inathibitisha kwamba wasomi hawafai, na wapo wanaosema Nupedia ilikosa fedha tu. Sanger mwenyewe alijaribu tena. Citizendium, iliyofunguliwa kwa umma Machi 2007, iliwataka waandishi watumie majina yao halisi na ikawapa wataalamu mamlaka ya kuidhinisha makala. Baada ya zaidi ya miaka kumi ilikuwa na makala zaidi ya 16,000, lakini zilizoidhinishwa hazikufika 200. Kilichojirudia ni kile kile. Msomi aliombwa kitu kizito kupita kiasi: aandike makala nzima, aifikishe mwisho, aitetee, na akisha kuidhinisha aibebe kama mtoto wake. Mtu mwenye madarasa matatu na wanafunzi wa tasnifu hawezi. Alichokataa ni mzigo, nasi tukaandika kwamba amekataa safari.

Wanaotetea vyeo hupenda kukumbusha kisa cha mwaka 2007, ilipobainika kwamba mhariri mmoja mashuhuri wa Wikipedia, aliyejitambulisha kama profesa wa theolojia, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada alizodai. Kisa ni cha kweli na ni cha aibu. Lakini dawa yake si kukagua vyeti mlangoni. Sentensi ya kemia haiwi kweli kwa sababu aliyeiandika ana joho. Inakuwa ya kuaminika inapobeba chanzo ambacho mtu mwingine anaweza kukifungua. Cheti kinanisaidia kujua nani nimuulize swali gani. Hakinisaidii kuacha kuuliza.

Sasa tuangalie mahali kazi ilipofanyika kweli. Mwezi Desemba 2005 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kuwapa wataalamu makala 42 za sayansi, kutoka Wikipedia na Britannica, wazisome na kuhesabu makosa. Wikipedia ilikutwa na makosa 162, Britannica 123. Yaani takriban manne kwa matatu kwa kila makala. Watu wengi wanakumbuka uwiano huo, na ugomvi wa Britannica uliofuata. Mimi nakumbuka makala ya Dmitri Mendeleev, baba wa jedwali la elementi. Ya Wikipedia ilikuwa na makosa 19, ya Britannica 8. Jarida lilipotoa orodha ya makosa yenyewe, watu wa Wikipedia waliichukua na kuyasahihisha moja baada ya jingine.

Tazama nani alifanya nini hapo. Mtaalamu hakujisajili popote, hakujifunza alama za kuhariri, hakubishana na mtu. Aliletewa makala ya fani yake, akaulizwa imekosea wapi, akataja. Watu wengine wenye muda na ustadi wa kuhariri wakaichukua orodha na kuifanyia kazi. Jarida, bila kukusudia, liliratibu kwa majuma machache vizuri kuliko miradi mingi ya miaka mitano.

Kemia inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi hapa, kwa sababu ni fani ambayo kazi yake inagawanyika vipande vidogo kuliko historia au falsafa. Makala ya kemikali katika Wikipedia ya Kiingereza au ya Kijerumani ina kisanduku cha takwimu: fomula, uzito wa moli, msongamano, kiwango cha kuyeyuka na kuchemka, alama za hatari, na namba ya CAS. Namba hiyo hutolewa na Chemical Abstracts Service, kitengo cha Shirika la Kemia la Marekani, na ni kitambulisho cha kila dutu iliyosajiliwa. Ya maji ni 7732-18-5. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: chukua zilizotangulia ukianzia kulia, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea, kisha jumlisha. Kwa maji unapata 105, na ile 5 ya mwisho ndiyo inayokaa mkiani. Ukikosea kuandika tarakimu moja, mara nyingi programu itakukamata.

Lakini chukua mrututu. Zile fuwele za buluu, ambazo wakulima wamezitumia miaka na miaka kutengenezea dawa ya ukungu wa mimea, ni salfeti ya shaba yenye molekuli tano za maji ndani yake, na namba yake ni 7758-99-8. Zichome, maji yatoke, ubaki na unga mweupe: hiyo ni dutu nyingine kwenye vitabu, namba 7758-98-7. Namba zote mbili zinapita mtihani wa tarakimu ya ukaguzi. Mtu akiweka namba ya unga kwenye picha ya fuwele, mashine haitaona kosa lolote. Wala halitabaki kosa la karatasi tu. Uzito wa moli ya unga ni gramu 159.6, wa fuwele ni 249.7. Mwanafunzi anayesoma 159.6 kisha akapima fuwele za buluu atakuwa na takriban asilimia 64 tu ya shaba aliyodhani anayo, na jaribio zima litamcheka.

Kosa la namna hiyo linaonwa na mtu aliyewahi kushika mrututu. Anahitaji dakika tano. Na makosa ya namna hiyo, katika ensaiklopidia yenye maelfu ya kemikali, ni mengi kiasi kwamba hakuna profesa mmoja, wala kumi, wanaoweza kuyamaliza kwa kukaa na kuandika makala nzuri nzuri. Yanamalizwa na orodha iliyogawanywa.

Ndivyo ilivyokuwa. Wahariri wa kemia wa Wikipedia, ambao miongoni mwao wamo wahadhiri, wanafunzi wa shahada za juu na wapenzi wa kemia wasio na chuo, walikuwa na orodha ya kemikali zao na walijua wanachotaka kuhakikishiwa. Mwaka 2008 CAS, taasisi inayojiendesha kwa kuuza taarifa za kemia, ilikubali kushirikiana nao katika kuzihakiki namba hizo. Mwaka uliofuata ikafungua Common Chemistry, hifadhi ya bure yenye dutu zipatazo 7,800 zinazotafutwa sana na umma. Mwaka 2021 ikaipanua hadi karibu dutu 500,000. Sidhani kama taasisi hiyo ingesogea hata hatua moja kama ingeandikiwa barua ya jumla yenye maneno kama ushirikiano wa kimkakati na maendeleo ya maarifa. Iliwekewa mezani kitu kinachohesabika.

Kwa hao wanaotaka ushahidi wa kupimwa zaidi ya visa, upo, ingawa umetoka kwa wanauchumi. Watafiti wakiongozwa na Yan Chen wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwaandikia wanauchumi wa vyuo karibu 4,000, wakiwauliza kama wangekuwa tayari kutoa maoni juu ya makala za Wikipedia zinazogusa utafiti wao. Zaidi ya asilimia 40 waliitikia kwamba wako tayari. Rudia kuisoma namba hiyo ukikumbuka kwamba hawa ndio tunaoambiwa hawajitolei. Jambo lililoongeza ubora wa michango yao lilikuwa ulinganifu: kadiri makala ilivyokaribia fani halisi ya msomi, ndivyo alivyochangia vyema. Barua iliyotaja kwamba kazi zake zinaweza kurejelewa katika makala hiyo nayo iliongeza waliokubali. Hapa wapinzani wangu wana chembe ya ukweli, nami siwanyimi: msomi ni binadamu, anapenda kuonekana. Lakini kuonekana huko kuligharimu sentensi moja ndani ya barua.

Zawadi je? Sisi wa Kiswahili tumelijaribu hilo mapema kuliko wengi. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, washindi wakizawadiwa vifaa. Makala ziliongezeka kwa mamia ndani ya muda mfupi. Kisha zawadi zikatolewa, na kama inavyokuwa katika mashindano ya aina hiyo, washiriki wengi wakaenda zao. Siwabezi wanafunzi wale; walifanya walichoombwa. Waliombwa wingi, wakatoa wingi. Hakuna aliyewaomba wabaki, na hakuna aliyepangwa kubaki nao. Linganisha na darasa la shahada za juu la kemia katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambako kuandika na kuboresha makala za Wikipedia kuliingizwa kwenye masomo yenyewe, mwalimu akiwa papo hapo, na uzoefu huo ukaripotiwa mwaka 2010 katika jarida la elimu ya kemia. Mwanafunzi alikuwa na mada yake, tarehe yake, msomaji wake wa kwanza, na mtu wa kumrudishia kazi. Zawadi ilikuwa alama za kawaida za somo.

Kuhusu akili mnemba sitachelewa. Inaandika aya safi kuhusu salfeti ya shaba, na itaandika 159.6 au 249.7 kwa ujasiri ule ule. Itarahisisha uandishi, ambao haukuwa shida yetu, na itazidisha sentensi zinazohitaji mtu aliyeshika mrututu. Mwenye mashine hiyo anamhitaji mratibu maradufu.

Hoja pekee inayonipa kazi ni ile ya unyonyaji. Wapo wanaosema, na wanasema kwa uchungu wa haki, kwamba kumwomba mhadhiri wa Afrika kazi ya bure ni kumwongezea mzigo mtu mwenye darasa la wanafunzi mia kadhaa, maabara isiyo na vitendanishi, na bando analolinunua mwenyewe. Taasisi tajiri za Ulaya na Marekani zinapata sifa, yeye anapata nini? Sikubali kuipuuza hoja hii. Ninachokataa ni jibu linalotolewa, yaani malipo kwa kila makala. Ukilipa kwa makala utapata makala. Utapata nyingi, ndefu, zenye aya za kujaza, na hutampata hata mmoja wa kufuta, kwa kuwa hakuna anayelipwa kwa kufuta. Nusu ya kazi njema katika ensaiklopidia ya kemia ni kufuta: kuondoa takwimu isiyo na chanzo, kuondoa matumizi ya kitabibu yaliyotungwa, kuondoa fomula iliyonakiliwa pasipojulikana.

Kama kuna fedha, ziende pale zinapokosekana. Mlipeni mratibu mshahara wa kazi ya kudumu, si posho ya warsha. Lipieni bando. Lipieni nakala za majarida ili anayehakiki aweze kufungua chanzo. Andikeni barua kwa mkuu wa idara yenye kueleza mchango wa mtu wake kwa kina, ili siku ya kupandishwa cheo awe na karatasi ya kuonyesha. Na yule mhadhiri aombwe kidogo kiasi kwamba kumlipa kungekuwa karibu na kumdharau.

Kidogo kwa kiasi gani? Tuchukue jambo la kwetu: magadi. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa trona, yaani madini ya magadi, kibiashara kwa zaidi ya miaka 100. Trona ikichomwa hutoa maji na kaboni dioksidi, ikabaki sodiamu kaboneti inayokwenda kwenye viwanda vya kioo na sabuni. Wapishi wetu wanayajua magadi kwa kulainishia maharage. Wafugaji wanayajua kwa mifugo. Makala ya magadi kwa Kiswahili, iliyoandikwa kwa ufasaha na kuhakikiwa, ingesomwa na watu wengi kuliko tasnifu zote za mwaka katika chuo chochote cha kanda hii. Istilahi nazo hazianzii sifuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Njia ya kawaida ya kuipata makala hiyo ni tangazo kwa "wanataaluma wote," likiwaalika "kuchangia maarifa yao kwa manufaa ya jamii." Hakuna anayejibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa kitu. Mratibu anayeijua kazi yake hugawa. Mkemia wa kiwandani, ambaye pengine hana uzamivu, anaulizwa kuhusu joto la kuchomea tu. Mwanajiolojia anaulizwa kwa nini ziwa lina trona nyingi kiasi hicho. Mtaalamu wa lishe anaulizwa kuhusu sodiamu katika chakula na madhara ya kupitiliza. Mwalimu mstaafu wa kemia, ambaye ana muda na hasira njema dhidi ya lugha mbovu, anapewa ukurasa mzima ausome kwa kalamu nyekundu. Na ujumbe kwa kila mmoja unafanana na huu: "Dkt., shikamoo. Nimesoma kazi yako kuhusu chumvi za Bonde la Ufa. Makala yetu ina sentensi hizi mbili. Je, ni sahihi? Ukisema ndiyo, inatosha. Ukisema hapana, tupe chanzo kimoja. Huna haja ya kujisajili popote; jibu hapa hapa, hata kwa sauti. Tungefurahi kupata jibu kabla ya Ijumaa ijayo."

Hapo ndipo ustadi wa mratibu unapoanza kuonekana, na ndio usiowekwa kwenye maandiko ya miradi. Anajua kalenda: haandiki katika wiki za kusahihisha mitihani. Anachukua ujumbe wa sauti wa dakika mbili na kuugeuza kuwa sentensi yenye rejea. Mhariri mkaidi akiifuta sentensi hiyo, anayesimama kuitetea ni yeye. Mtaalamu haachiwi apigane na vijana wasiomjua saa sita usiku. Baada ya wiki anamrudia mtaalamu na kiungo cha ukurasa na neno la shukrani, na baada ya miezi mitatu anamrudia tena na swali lingine, dogo kama la kwanza. Anaweka kumbukumbu ya nani anajua nini, nani hujibu kwa barua pepe na nani kwa simu, nani asiulizwe tena mwaka huu kwa sababu amefiwa. Anakubali pia kukataliwa bila kununa.

Kazi hiyo haina utukufu. Haimpi mtu nafasi ya kukata utepe wala kukaa meza kuu, na mfadhili hawezi kuipiga picha. Nadhani hiyo ndiyo sababu haswa tunapendelea maelezo kwamba wasomi hawajitolei: yanatupumzisha. Ukishasema tatizo ni tabia ya watu, huna la kufanya ila kuomba fedha zaidi au kusubiri watu wengine wazaliwe.

Mimi nina ombi jepesi kwa yeyote atakayesimama kikaoni mwezi ujao na kusema wanakemia wamekataa. Alete daftari. Lionyeshe majina ya walioombwa, swali aliloulizwa kila mmoja, tarehe aliyopelekewa, tarehe aliyokumbushwa, na jibu alilotoa. Kama majina yamejaa kurasa mbili na majibu yote ni hapana, nitakaa chini na tutazungumza kuhusu mishahara, vyeo na akili mnemba. Mpaka sasa wanaonijibu huniletea nakala ya tangazo.